Kitambaa cha shangazi juu ya kiboksi cha picha

Jamani, leo nimegundua picha zote za studio yangu zimebaki kwenye diski moja tu, na kilichonifichia hilo ni kitambaa.

Hapa Mlabani tumepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi la pumba halituachi.

Kiboksi changu cha kuhifadhia picha kina diski mbili. Kila picha inaandikwa kwenye zote, ili moja ikifa nyingine ibaki nayo. Ikifa, taa nyekundu inawaka.

Asubuhi nimefunua kitambaa cha kufuma alichotandika shangazi yangu, anayenipokelea wateja, ili nichomeke waya.

Nyekundu!

"Shangazi, hii taa imewaka tangu lini?"

"Nitajuaje, baba, wakati imefunikwa?"

Sasa hapo unabisha nini?

Nimeweka diski mpya, picha zinajinakili. Za harusi, za kipaimara, za misiba, zote zipo. Nimemwomba shangazi, kwa heshima kabisa, kiboksi kikae wazi.

Mchana nimetoka kula, nakuta kiboksi kiko wazi kweli.

Kitambaa kimefunika mtungi wa kuzimia moto.

Nanyi nendeni mkafunue vya kwenu, mniambie mmekuta nini.