Mawe Mawili katika Bustani ya Louisville

Tangu theluji ya kwanza, Mama hakutoka nyumbani kwetu Northland, hapa Columbus, ila kwenda kanisani. Alisema amechoka kutazama maegesho ya magari. Anataka kuona miti mingi iliyosimama pamoja. Mdogo wangu Furaha, anayeishi Louisville, akatuambia kuna bustani kubwa ya kale iliyokuwa imegeuka kichaka, na sasa imefufuliwa. Basi nikaomba ruhusa kazini. Nawaandikia mapema ninyi mliobaki nyumbani Fizi, kabla Furaha hajawasimulia, maana yule huongeza chumvi.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Mama alifunga ndizi na maharage kana kwamba tunahama. Tulipovuka mto Ohio, ukungu ulikuwa umefunika maji yote.

"Upande ile, vita iko?" Mama akauliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mnakumbuka kwamba tulipokimbia vita tulimpoteza mdogo wetu Sadiki msituni, akiwa na miaka sita. Mama hamtaji. Mimi nina sababu yangu ya kutomtaja, na sikuwahi kumwambia mtu.

Saa nne tulifika. Furaha alitupokea getini, akatuongoza. Ziwa limechimbwa upya, miti imepandwa palepale ilipokuwa kwenye ramani ya zamani. Njia zinapinda makusudi. Ukikata kona, humwoni tena uliyemwacha nyuma. Ukungu ulikuwa bado chini, na sikusikia ndege hata mmoja. Kilimani palikuwa na nyumba ya mawe isiyo na paa.

"Nani alichoma hii nyumba?" Mama akauliza.

"Hapana kuchoma, Mama," Furaha akajibu. "Balijenga tu vile, juu ya uzuri."

"Mtu anajenga nyumba ya kuvunjika?"

"Bon, ni bazungu, Mama."

Tulisimama kidogo kupiga picha ziwani. Nilipogeuka, Mama hakuwepo.

Tulimwita. Furaha alikwenda kushoto, mimi kulia, tukipaza sauti. Ukuta wa ile nyumba ulirudisha kila neno. Mama ana miaka sabini na miwili, na ziwa lile halina uzio. Niliogopa, sitaki kuwaficha. Nusu saa ilipita hivyo.

Ndipo nilipokumbuka amri aliyotupa tukikimbia: porini usiitike ukiitwa, hata kwa sauti unayoijua, maana wenye bunduki walikuwa wanajifunza majina yetu. Atakayekutafuta kweli atagonga mawe mawili, mara tatu.

Nikaokota mawe. Nikagonga mara tatu.

Kutoka ndani ya ile nyumba isiyo na paa, mawe yakanijibu.

Tulimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, mawe mapajani.

"Mama, tunakuita tangu saa ngapi?" Furaha alikuwa analia.

"Nilisikia. Kwani mulisahau?" Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ulichelewa. Mwenzako aligonga mbele yako."

"Mwenzangu nani?"

"Aligonga tatu, kule kwa maji. Nikajibu. Akagonga tena, akanyamaza."

Furaha alitikisa kichwa: si yeye, hakuwa amegusa jiwe. Nilishuka hadi ukingoni. Hapakuwa na mtu, wala nyayo kwenye tope, ila mawe mawili makavu juu ya nyasi zilizolowa. Sikuyagusa.

Saa kumi tulianza kurudi Columbus, mimi na Mama. Tulipofika tena mto Ohio, nilisema nilichokificha tangu utoto.

"Mama, siku ile sikugonga mawe. Nilikuwa na haraka. Nilimwita Sadiki kwa jina."

Alitazama maji mpaka tukamaliza daraja.

"Minajua," akasema. "Nilikusikia. Na yeye alikusikia, akashika neno yangu. Mawe ilikuwa katika mikono yangu, mtoto wangu. Niliogopa kugonga, wenye bunduki balikuwa karibu."

Kisha akanimenyea ndizi, nikala huku naendesha, machozi yakinitoka. Tulikwenda kutazama miti. Nimerudi nikijua kwamba mzigo nilioubeba peke yangu miaka yote hii, Mama alikuwa ameushika upande wa pili.