Ndege wa Fundi Miavuli

Alikuwa fundi miavuli, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la saa na kinyozi. Miavuli iliyomshinda, ile iliyopinduliwa na upepo hadi mbavu zikakatika, hakuitupa. Alinyoosha vyuma kwa koleo, akavikunja vikawa shingo na miguu, kisha akavivisha kitambaa kilekile cheusi au cha maua. Wakatoka korongo, popo, na kuku mmoja mwenye hasira ambaye majirani walisema amefanana na kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikubali.

Kila mmoja wao alimtia alama: mafundo matatu ya uzi mwekundu chini ya bawa la kushoto. Alama hiyo alimwonyesha mtu mmoja tu, mdogo wake wa kike, mwalimu wa sanaa, ambaye fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Dada, niazime hawa korongo sita," mdogo wake alimwambia siku moja. "Nataka wanafunzi wangu wawaone."

"Chukua. Ila yule mrefu usimshike shingo, mshike miguu."

Mwezi ukapita, na wa pili. Kila alipouliza, aliambiwa wanafunzi bado wanawachora. Kisha mteja mmoja, akisubiri mpini wa mwavuli wake ubadilishwe, akasema ameona ndege kama hawa wa kibandani kwenye maonyesho ya ukumbi wa mji.

"Kumbe mko wengi mnaofanya kazi hii," alisema.

Fundi alifunga kibanda asubuhi ileile, akaenda kwa miguu. Korongo wake wote sita walikuwa wamening'inizwa darini. Ukutani palikuwa na kibao chenye jina la mdogo wake, na neno "Mbunifu". Akajipa moyo kwamba pengine waandishi wa kibao wamekosea. Akanyoosha mkono, akainua bawa la kushoto la yule mrefu, aliyening'inia chini kuliko wenzake. Uzi mwekundu ulikuwa umefumuliwa. Mahali pake palishonwa kwa uzi mweusi, kwa mishono midogo aliyomfundisha mdogo wake akiwa na miaka tisa.

"Mama, usiguse vitu vya watu," mlinzi alimwambia.

"Samahani," akajibu, akatoka.

Kesho yake alimwita mdogo wake kibandani.

"Dada, wangekuuliza umesomea wapi," mdogo wake alijitetea. "Wangekudharau. Mimi nilitaka kazi ionekane kwanza."

"Ulikaa ukafumua mmoja mmoja?"

Mdogo wake akaanza kuchezea mpini uliokuwa mezani.

"Ndege sita. Ilikuchukua muda gani?"

"Jumapili mbili," alisema, akaanza kulia. Fundi hakulia. Alirudi kwenye mwavuli wa mteja.

Baadaye ukumbi ukamwagiza mdogo wake korongo mkubwa wa kutundika mlangoni. Mdogo mtu akarudi kuomba msaada. Fundi akamsogezea koleo na rundo la vyuma.

"Mbunifu ni wewe. Kaa hapo, anza."

Mdogo wake alihangaika hadi adhuhuri, akajikata kidole, akaondoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo aliwaandikia wenye ukumbi ukweli wote, na korongo wakarudishwa ndani ya boksi.

Fundi hakulifungua. Karibu mwaka mzima alitengeneza miavuli tu, mpaka siku moja mikono yenyewe ikaanza kukunja popo. Mdogo wake bado huja. Huulizana hali za watoto, hucheka hata. Ila akisikia hatua zake mlangoni, fundi hufunika kwa gazeti chochote kilichoko mezani.