Kidonge Nilichompa Wifi

Mimi ni mtu wa kubandika maharage, kutoka nje kuanua nguo, na kukutwa kwa jirani nikibishana habari za saruji huku sufuria inaungua. Nyumbani Tarime waliniita kichwa maji mpaka nikafika miaka thelathini na minne. Ndipo daktari mmoja wa Nairobi akanieleza kwamba huo si ujeuri. Akili yangu haitulii mahali pamoja, na dawa yake ipo. Akanipa vidonge na masharti. Nisimgawie mtu. Nipime presha. Na kwa kuwa nilimwambia napenda kukimbia, nisikimbie juani bila kunywa maji kila baada ya muda, hata kama sisikii kiu wala uchovu.

"Hasa kama husikii," alisema.

Niliitikia kwa kichwa, lakini hilo la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile. Nilichojua ni kwamba nikimeza asubuhi, kilomita kumi zinapita bila miguu kulalamika. Nikadhani ni nguvu.

Nimeolewa Robanda, pembezoni mwa hifadhi. Mwenzangu wa mazoezi kule alikuwa wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Tulikimbia asubuhi kwenye barabara ya vumbi, yeye mbele, mimi nyuma nikipiga domo. Kwa pumzi alinizidi mbali. Kilichomtesa ni usingizi, maana msimu ule tembo walikuwa wanaingia mashambani na familia nzima ililinda mahindi kwa zamu. Wiki ya mbio za Mugumu, kilomita ishirini na moja, hakuwa amelala vizuri hata siku moja. Naye alizitaka mbio zile kuliko kitu chochote. Mshindi wa wanawake angepewa mtamba wa maziwa, na nyumbani kwao hakukuwa na ng'ombe tena.

Asubuhi ya mbio alikaa kwenye ukingo wa mtaro akifunga kamba za viatu. "Wifi, leo miguu haimo," aliniambia. "Ile dawa yako ya kutuliza akili, unayosema inaondoa uchovu, nipe kidonge kimoja tu."

Nikampa. Sikujiuliza mara mbili. Kwetu dawa iliyobaki, iwe ya malaria, ya mgongo au ya jino, hutoka mkoba mmoja kwenda mwingine, na anayekataa huitwa mchoyo. Alikimeza kwa chai.

Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu. Mgeni rasmi akachelewa, na bila mgeni rasmi filimbi hailii. Zilianza karibu saa tatu, jua likiwa limeshachachamaa. Mimi goti lilikuwa limevimba, kwa hiyo nilimfuata wifi kwa bodaboda, chupa za maji mapajani.

Meza ya kwanza ya maji aliipita. Ya pili akaipita. Watu wakapiga vigelegele. "Huyo hana kiu! Huyo ni chuma!" Na mimi Mkurya, niliyelelewa kumsifu kijana asiyepepesa macho mbele ya kisu cha ngariba, nilipiga kelele kuwashinda wote. "Usipepese, wifi! Usipepese!" Chupa nilikuwa nazo, wala sikumnyooshea hata moja. Niliona kumpa maji ni kumwaibisha.

Zilipobaki kilomita mbili tulimkaribia, nikaona mikono yake. Vinyweleo vilikuwa vimesimama, kama mtu aliyepigwa na baridi. Juani pale!

"Unajisikiaje?" nilimwuliza.

Akanigeukia akicheka. "Sisikii kitu, wifi. Kitu chochote."

Hapo ndipo sauti ya yule daktari iliponirudia, nikaogopa. Dawa ile haikumpa nguvu yoyote. Alikuwa kama pikipiki yenye geji mbovu, inayosoma tenki limejaa mpaka inapozima. Neno "simama" lilifika mdomoni. Lakini alikuwa anaongoza, na mtamba alikuwa amefungwa pale mbele, anaonekana. Nikalimeza.

Alishinda. Alikata utepe akaendelea kukimbia, akapita jukwaa, akapita magari, akielekea ukuta wa shule kama hauoni. Alianguka kabla hajaufikia. Nilipomshika alikuwa wa moto, na alikuwa ananiita jina la mtu mwingine.

Hospitalini walimmwagia maji, wakamtundikia dripu. Mganga akauliza, "Kuna dawa yoyote amemeza leo?"

Mama mkwe wangu akajibu kabla yangu. "Mwanangu hamezi hata panadol, daktari. Amekimbia kwa nguvu zake mwenyewe."

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Sikusema. Niliwaza jinsi ukoo mzima utakavyosema nimemwekea binti yao sumu, nikaacha saa tatu zipite. Nilimfuata mganga koridoni nikiwa na kopo la dawa mkononi pale tu mkojo wa wifi ulipotoka mweusi kama kahawa. Hakunigombeza. Alilisoma kopo, akaondoka mbio.

Wifi alipelekwa Mwanza, akasafishwa damu kwa wiki kadhaa. Yu hai. Figo zimebaki nusu nusu, na kutoka mlangoni hadi zizini anapumzika njiani. Mtamba amezaa. Mama mkwe humsimulia kila mgeni jinsi binti yake alivyokataa maji mara mbili, na mimi nipo pembeni nikimenya viazi. Ukweli sijamwambia, na ninajichukia kwa hilo.

Mwezi uliopita tulibaki wawili uani. Wifi akanishika mkono.

"Nimechoka tangu nizaliwe," alisema. "Siku ile peke yake sikuchoka. Bado unavyo?"

"Vilikwisha zamani, wifi."

Akautazama mkono wangu aliokuwa ameushika.

"Muongo wewe," alisema taratibu. "Mbona umetulia hivyo?"