Barua Kwenye Droo ya Vijiko

Niliajiriwa kumtunza bibi mmoja wa Takoma Park, huku Marekani, mzee wa kabila lililoishi Maryland kabla mzungu yeyote hajatia mguu. Miaka arobaini alipigania mifupa ya mababu zake, iliyofukuliwa na kutiwa kwenye maboksi katika stoo ya makumbusho. Aliandamana, alilala rumande, aligawa chakula kanisani. Wakubwa wa serikali na wa makumbusho walimpenda mno: kila sherehe walimwita awakaribishe kwenye ardhi ya wazee wake, dakika mbili, picha, kisha wanamwitia teksi. Maboksi hayakusogea.

Mwaka ule aliwaomba tena wale wa makumbusho. "Nataka kuwazika," aliniambia, "kabla hamjanizika mimi."

Jibu lilifika ametoka hospitali siku hiyo, kifua bado kinambana. Macho yalishamwishia, mimi ndiye niliyemsomea barua zake. Niliifungua jikoni. Wamekataa; asiporidhika, akate rufaa ndani ya siku thelathini. Nikampigia dada yangu anayeishi Columbia, hukuhuku Maryland.

"Wee, usithubutu kumwambia! Mgonjwa hapewi habari kama hiyo. Ngoja kwanza a-recover, ale ashibe, ndiyo umkalishe chini."

Ndivyo tulivyolelewa. Msiba wa baba mimi niliambiwa nimeshafika Tanga, nimeoga na kula, na niliwashukuru. Basi barua nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Kila asubuhi aliuliza kama mtu wa posta amepita, na kila asubuhi nilimkorogea uji nikamjibu bado.

Alipopata nguvu ya kukaa kibarazani, nikamsomea. Akataka nirudie tarehe. Nikarudia. Siku thelathini zilikuwa zimepita, na tisa juu yake.

Nililia. Nikajitetea kwamba kwetu hiyo ni heshima.

"Wamenikatalia mara kumi na moja kabla ya hii," akasema, bila kupandisha sauti. "Mara zote nimewajibu siku ileile, mara mbili nikiwa kwenye kitanda cha hospitali. Nani alikwambia siwezi kustahimili?"

Najichukia hadi leo.

Akaniagiza karatasi, tuanze ombi upya. Yeye alisema, mimi niliandika. Alifariki tukiwa ukurasa wa tatu.

Mazishini wakubwa walikuja wote na mashada yao. Mmoja, aliyetoka kulekule makumbusho, alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtunza vizuri.