Mahubiri kwa Kikipsigis cha Nyanya

Hii nitawaambia mara moja tu, na mkitaka kucheka mcheke mkiwa mmeketi, kwa sababu aibu yake bado haijaniisha na kila nikipita karibu na kanisa letu hapa Sotik masikio yangu yanapata moto yenyewe.

Mnajua mimi ni Mkisii, nimeolewa na Mkisii, lakini huku kwa Wakipsigis tumekaa miaka kumi na minne tukiuza nyanya na vitunguu, na muuza nyanya lazima ajue lugha ya mteja. Basi nikajua. Nikajua kusema njoo, angalia, hizi zimeiva, hizi bado, lete mzigo, tutapima, mbovu hairudishwi. Siku moja mama mmoja akaniambia naongea kama mtu aliyezaliwa Bomet (alikuwa anataka nimwongezee nyanya moja, sasa ndiyo naelewa), na mimi nikaichukua hiyo sifa nikaibeba mpaka kanisani, nikawa nasimama mlangoni nasalimia watu "Chamgei" kwa sauti ya juu, nikipewa kiti nashukuru kwa "Kongoi", mpaka wote wakaamini Mama Kemunto hiyo lugha ameimaliza.

Sasa Jumapili moja tukapata mgeni, Pasta Mwangi, mtu mpole kutoka upande wa Nyeri, Kiswahili chake safi lakini Kikipsigis hana hata neno. Kawaida anayetafsiri kwetu ni mwalimu mmoja mstaafu, maana wazee wengi pale Kiswahili wanasikia nusu nusu, lakini asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amempeleka mama yake hospitali Longisa. Mzee wa kanisa akasimama akauliza ni nani atasaidia, na kanisa lote likageuka kuniangalia. Ningesema siwezi, mambo yangeishia hapo. Lakini mwezi huo akina mama walikuwa wanachagua kiongozi wao na mimi hicho kiti nilikuwa nakitaka mpaka nakiota, kwa hivyo nikasimama, nikanyoosha kitambaa cha kichwa, nikasema Bwana atanisaidia. Mume wangu akanivuta sketi kutoka nyuma. Nikampiga mkono.

Pasta akasema mahubiri yake yanaitwa Imani ya Jumatatu, kwamba kumjua Mungu si kazi ya Jumapili peke yake, Mungu anataka kukuona Jumatatu ukiwa sokoni, ukiwa kwa majani chai, ukiongea na jirani ambaye ng'ombe wake amekula mahindi yako. Maneno mazuri sana. Mimi nikasema Mungu anakuja Jumatatu sokoni. (Hilo angalau lilikuwa karibu.) Akasema Bwana yuko tayari kutusamehe, na mimi neno la "tayari" sikuwa nalo, la kusamehe ndiyo usiulize, nikatafuta kichwani nikapata lile la nyanya, nikasema Bwana ameiva. Wazee wakaangaliana. Vijana waliokuwa nyuma, wale wanaojua lugha zote mbili, wakainamisha vichwa, mabega yanatetemeka, na mimi nikafikiri wanalia kwa kuguswa, nikaongeza sauti.

Na kosa ni kwamba nilianza kusikia utamu. Pasta akitembea natembea, akiinua mkono nainua, akinyamaza mimi naendelea kidogo. Alipofika mwisho akafungua mikono yote miwili akasema yeyote aliye na mzigo mzito aulete hapa mbele, Bwana ataupokea, hamkatai mtu. Nikafurahi mpaka nikataka kuruka, kwa sababu hii sasa ilikuwa Kikipsigis changu kabisa, kila neno ninalo. Nikawaambia kila mwenye mzigo mzito aulete hapa mbele, tunapima, tunachukua wote, leo hata mbovu hairudishwi.

Watu wakaanza kusimama. Hawakuja mbele, walitoka nje. Akina mama watatu, halafu mzee mmoja, halafu benchi nzima, na nyumba zao ziko hapo hapo ng'ambo ya shamba la chai. Pasta akaniinamia sikioni akaniambia mioyo imechomwa, hao wanaenda kupatana na majirani zao. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akaanzisha wimbo tuwangojee nao, na mimi nikaimba kwa nguvu nikijiona mtumishi, tayari nimeketi kwa kile kiti cha akina mama.

Walirudi na kabichi. Magunia mawili yaliyojaa, yakaburutwa mpaka mbele ya madhabahu. Nyuma yao mtungi wa maziwa, viazi kwa karai, kuku wawili wamefungwa miguu, na mwisho mzee mmoja na gunia la majani chai mabichi mgongoni, akalishusha, akapangusa jasho, akaangalia huku na huku akitafuta mizani. Mama mwenye kabichi akaniuliza kitu kirefu sana kwa Kikipsigis. Sikuelewa hata kidogo. Nikamjibu ninavyojibu wateja wote wakiuliza kitu kirefu, nikamwambia zinakuja kesho. Akakunja uso, akakaa juu ya gunia lake kama mtu ambaye hatatoka hapo bila jibu.

Pasta naye akashika moyo. Akasema katika utumishi wake wote hajaona kanisa linalotoa hivi, na akataka niwaambie kwamba hii sadaka yote itapelekwa leo leo kwa wagonjwa na wajane.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimewaambia. Nilikuwa na njia moja rahisi, nicheke cheke, niseme neno lolote, ibada ifungwe. Lakini nikamwangalia yule mama amekalia kabichi za shamba lake, na nikajua mimi ndiye niliyemwita nazo, na zikiondoka hapo kabla hajajua zinaenda wapi nitakuwa nimemwibia katikati ya kanisa, kwa jina la Bwana, nikiwa nimevaa kitambaa cheupe. Nikamgeukia Pasta.

"Pasta, nisamehe. Mimi Kikipsigis sijui. Najua cha kuuza nyanya tu. Hawa wanafikiri umekuja kununua."

Halafu kutoka benchi ya mbele akasimama Kogo Tapkigen, bibi ambaye nimemsalimia "Chamgei" kila Jumapili miaka yote hiyo nikidhani Kiswahili hakimfiki, akaegemea fimbo yake na kuongea Kiswahili kizuri kuliko changu (kumbe alifanya kazi Mombasa akiwa msichana).

"Pasta, tulikuwa tunamwacha kwa sababu anajaribu," akasema. "Lakini aliposema Bwana ameiva, mimi nilijua leo tutafika mbali."

Vijana wa nyuma walishindwa. Mmoja alianguka kutoka kwa benchi, kweli alianguka, na kicheko kikapanda mbele mstari kwa mstari, Pasta akajaribu kujizuia na leso mdomoni lakini wapi, na mimi pale mbele katikati ya kabichi nikajikuta nacheka huku nalia.

Kogo ndiye aliyemalizia. Akawaeleza wenzake mzigo gani Pasta alikuwa anataka, na mama wa kabichi akafikiri kidogo, akaacha gunia moja kwa wagonjwa na lingine akaliburuta nyumbani. Mzee wa majani chai alibeba gunia lake lote akatoka bila kuniangalia. Pasta aliniombea mbele ya watu, akasema nimewafundisha Imani ya Jumatatu kuliko yeye, na mimi nikasema amina, ingawa nilitamani sakafu inimeze. Kiti cha akina mama, sihitaji kuwaambia, kilienda kwa mwingine.

Siku hizi wateja wangu Wakipsigis wananiongelesha Kiswahili, polepole, kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Wakiniuliza Bwana ameiva wapi mwaka huu nawapimia tu nyanya zao. Na mimi nimeahidi mbele ya Mungu, hata nikipewa cheo gani, ndiyo yangu itakuwa ndiyo, na sijui yangu itakuwa sijui.