Aliyembeba Kastuli Kanisani

Siku ile karani wa sensa alipoingia uani kwetu, huku milimani Mbinga, naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana mdogo, shule nimeshaanza kuikimbia. Bibi Otilia, mama yake baba yangu, alikuwa ameteremka kwao Lituhi kufuata usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kuja kuuza.

Karani akauliza, "Usiku wa kuamkia leo walilala hapa nani na nani?"

Kastuli, mtoto wa kaka yake babu, akataja watu. Nikasema, "Na bibi je?"

"Atahesabiwa huko huko alikolala," karani akanituliza. "Ndio utaratibu."

Mimi nikaridhika. Kastuli akaliweka neno lile moyoni.

Babu alipofariki, akalitoa. Akasema bibi ni mpita njia tu wa ziwani, hata serikali ilimhesabu Lituhi. Akamfukuza nyumbani, asimwachie hata kipande cha yale mashamba ya ngoro aliyochimba mashimo yake kwa mikono yake mwenyewe. Filotea, dada mkubwa wa Kastuli, alikuwepo na akanyamaza. Nawataja kwa majina, kwa sababu wao la bibi hawakulitaja. Tukashuka naye Lituhi, mimi na mama, maana baba alishafariki, na huko akatufia. Kila Novemba ukoo ulipopeleka kanisani majina ya marehemu wake yaombewe, la kwake halikuwemo.

Basi ulipokuja na simu yako kuandika habari za ukoo, ukamfuata Kastuli, naye akakwambia, "Huyo muulizie ziwani," mimi nilitaka uache. Wewe hukuacha. Lituhi, katika daftari la kanisa, tulikuta ubatizo wake na jina la baba yake, mvuvi. Huku milimani katekista mzee alipekua daftari la waliobatizwa, hakumwona.

Akavua miwani. "Huyu bibi aliolewa akitokea nje?"

"Ziwani," nikasema.

"Basi tunatafuta pasipo pake. Wazee wenu bibi harusi mgeni walimpa mtoto wa ukoo, ambebe siku ya ubatizo, awe wa nyumbani. Tutazame wasimamizi."

Ukasoma wewe, mimi macho yalishajaa machozi. Mtoto: Kastuli. Msimamizi: Otilia, mke wa Tobias. Tobias ndiye babu.

Unajua, ukoo ulipokaa kupanga majina ya Novemba, niliingia bila kuitwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja tena na bibi yako?"

"Nimekuja naye. Na leo amekuja na wewe mgongoni."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nikamweleza tulichokisoma. Karani aliandika waliolala, nikamwambia, kanisa liliandika aliyekubeba. Mama yako wa ubatizo unamwita mpita njia?

"Maneno ya makaratasi hayo," akasema.

Ndipo Filotea, baada ya miaka yote ile, akafungua mdomo. "Mimi nilikuwepo, Kastuli. Ulilia mpaka padri akakosea sala. Otilia ndiye aliyekunyamazisha."

Kastuli akamgeukia kijana aliyekuwa akiandika majina. Akamwambia, "Mweke Otilia. Mweke karibu na Tobias." Novemba ile akasimama kanisani akayasoma yeye mwenyewe, na alipofika kwa bibi akalisoma jina lake mara mbili. Sijamsamehe yote, mwanangu, nisikudanganye. Ila usiku ule nililala.

Kwa hiyo nakuusia: mtu wa kawaida hana sanamu wala barabara yenye jina lake. Usipomwona alipopaswa kuandikwa, usiseme hakuwepo. Uliza alimbeba nani, alimpikia nani, alilima wapi, halafu mtafute huko. Na akija karani kwako, mhesabie waliolala, kisha wewe nyumbani andika na walio safarini.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watoto watakaokutaja, na Bibi Otilia akubebe na wewe.