Bunduki ya Udongo ya Tata Jirani

Juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu watu wazima, wenye pesa zao, wakipigana kwa risasi za rangi. Mmoja alikuwa na bunduki inayofyatua mfululizo, akaigeuza iwe ya kuvuta na kusukuma, risasi moja moja. "Ni ufundi mukubwa, mama," mtoto akaniambia. Nikacheka mpaka akanuna. Ufundi huo mi niliuona Kolwezi nikiwa bado na meno ya utoto.

Kama ulikulia kambi ya mgodi, asubuhi zile unazijua: king'ora, moshi wa makaa, harufu ya bitoyo, wale samaki wakavu, wakikaangwa kwa mawese. Halafu king'ora kikanyamaza. Karakana zikafungwa, poso, ule unga wa kampuni wa kila juma, ikakoma, na tata jirani, baba wa nyumba ya pili, fundi wa vyuma, akabaki barazani na mikono isiyojua kukaa bure. Ndipo akatutengenezea bunduki: bomba la shaba, na nyuma yake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichojazwa upepo. Ukifyatua, kidonge cha udongo mwekundu kinaruka. Ukifyatua tena, kingine. Ta-ta-ta! Sisi wasichana ndio tulioviringisha vidonge, tukavianika kivulini visikauke sana, ili vikigonga vipasuke na kuacha alama. Shuka za nkambo, bibi yangu aliyenilea, ziliteseka. Lo, tulifurahi!

Lakini msimu ule maneno yalikuwa yameanza kuzunguka. Watu ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai waliambiwa waondoke kwetu Katanga, hata waliozaliwa hapa, na tata jirani alikuwa mmoja wao. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha. Jioni moja nkambo aliniachia mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, akaenda moja kwa moja kwa jirani. Nikamfuata na mwiko wangu.

"Tata, ile kintu inalia sawa bunduki ya kweli. Batasema unatengenezea bantu benu silaha. Batakuua."

"Basi nitaitupa, mama."

"Ukiitupa, batasema umeificha. Kambi yote inaijua. Igeuze, baone ni ya batoto."

Kesho yake alikaa nayo asubuhi nzima. Aliutoa mpira, akaingiza mti wa pampu ya baiskeli. Upepo ukawa unavuja, kwa hiyo akavua kiatu chake cha kazi, akakata ulimi wake wa ngozi, akauchonga duara na kuupaka mawese. Sasa ilikuwa vuta, sukuma, kidonge kimoja: pwa! Vuta tena. Nilikasirika sana, maana utamu wote ulikuwa kwenye ile ta-ta-ta.

"Nani ataogopa hii?" nilimuuliza.

"Njo vile minataka, mama," akaniambia, kwa sauti ileile aliyotumia kwa watu wazima. "Mutu asiogope."

Vijana walifika tukiwa bado uani. Baadhi yao walikulia hapohapo kambini. Mke wa tata jirani aliwahi kuwapakulia sombe mara nyingi tu. Mkubwa wao akaichukua bunduki, akaigeuza huku na huku, akavuta, akasukuma. Pwa! Kidonge kikapasukia kwenye ukuta wa choo. Wakaangua kicheko. Wakapokezana, wakagombania zamu. Mke wa tata jirani akawaletea maji ya kunywa, nkambo akashusha pumzi, na mi nikakimbia kuviringisha vidonge vingine, moyo umejaa furaha, kwa sababu nilijua jirani zetu wamepona na watabaki.

Yule aliyecheka kuliko wote akamrudishia tata jirani bunduki kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Tata, ni kintu kizuri sana. Lakini siku ya Mungu tusikukute hapa."

Jumapili haikuwakuta. Walilala stesheni pamoja na mamia ya wengine, juu ya magodoro yao, wakingoja treni, na nkambo akawa anawapelekea bukari mpaka walipoondoka. Nyumbani mwao leo wanakaa watu wema, sina neno nao. Karakana zimekuwa vichaka, na watoto wa pale hawajui hata ule mlango ulikuwa wa nani.

Wengi husema ilikuwa chuki. Labda kwingine. Mi nilikuwa uani, mikono imejaa udongo, na vijana wale walimpenda tata jirani. Walicheka naye, wakanywa maji ya nyumba yake, wakamshukuru, kisha wakamfukuza.